Mume Wangu Yuko kwa Mtalaka Wake

"Nani kakunyoa?"

Ndiyo, wasomaji wangu, alisema. Wiki nzima mmenisumbua: alisema au alimeza? Mmoja wenu kanitumia ujumbe kwamba nikimwacha yule mama amesimama mdomo wazi kwa wiki nyingine, yeye anahamia gazeti jingine. Usihame bwana. Alisema. Tena hakunong'ona. Alitumia sauti ile ile anayomwitia mteja aliyeondoka bila kulipa, ndani ya Mahakama Kuu, Jaji akiwa ameshika kalamu.

"Nakuuliza wewe! Nani kakunyoa?"

Kizimbani, Dereva akapeleka mkono kisogoni kana kwamba ameumwa na nyuki.

Kwa wale mnaotusoma leo kwa mara ya kwanza, njooni haraka niwape kwa ufupi. Huyu mama ni kinyozi, na wateja wanamwita Wembe. Wengine wanasema ni kwa sababu ya mkono wake, wengine wanasema ni mdomo. Mume wake ni dereva wa lori, anashtakiwa kwa mzigo wa matairi uliopotea njiani. Dhamana alipewa, ila mdhamini alitakiwa awe na hati ya nyumba. Katika ukoo mzima wa wapangaji, aliyejitokeza na hati mkononi alikuwa mmoja tu: mtalaka wake, yule mwanamke aliyeachana naye miaka mingi kabla hajamjua Wembe.

Sasa sikilizeni uchungu ulipo. Shahidi mkuu wa kesi, mlinzi wa ghala, alikuwa amepanga chumba kwenye ua ule ule wanaokaa Dereva na Wembe. Hakimu akaogopa watapikiana maneno. Akaweka sharti: mshtakiwa aishi nyumbani kwa mdhamini, asitoke getini ila kwenda kuripoti polisi. Yaani mume wa mtu akachukuliwa na kurudishwa kwa mke wake wa zamani, kwa amri ya mahakama, na muhuri juu yake.

Mlinzi alishahama pale uani zamani. Wakili akarudi kwa hakimu kuomba sharti libadilishwe. Hakimu akasema, "Sharti litabaki lilivyo," akafunga jalada, akaita kesi nyingine. Hakutoa sababu hata ya kusingizia. Wakili naye akaupeleka uamuzi ule Mahakama Kuu upitiwe upya. Na wiki iliyopita tulimwacha Jaji akisema kwa kinywa chake kwamba mtu akinyimwa ombi lake ana haki ya kuambiwa kwa nini, na kwamba haoni tena sababu ya sharti lile. Kalamu ilikuwa hewani. Dereva alikuwa anarudi nyumbani jioni ile ile.

Ndipo akageuka kumtazama Jaji vizuri, na Wembe akakiona kisogo.

Wembe humaliza kisogo cha mume wake kwa mviringo. Miaka yote ya ndoa yao hakuna mkono mwingine uliogusa kichwa kile. Kisogo alichokiona kilikuwa kimekatwa kwa mstari, tena uliopinda kidogo upande wa kushoto.

"Kaa chini, wifi," dada wa Dereva akamvuta sketi. "Kaa chini, unatumaliza."

Lakini Wakili wa Serikali, aliyekuwa ameshaanza kukusanya makabrasha yake kama mtu aliyeshindwa, akafufuka.

"Mheshimiwa Jaji, hilo ni swali zuri sana. Mshtakiwa haruhusiwi kutoka nyumbani kwa mdhamini isipokuwa kwenda polisi. Kama amekwenda kwa kinyozi, amevunja masharti. Na aliyeyavunja hawezi kuja hapa kuomba alegezewe."

Wakili wetu akafumba macho. Jaji akageukia kizimba.

"Mshtakiwa, nani amekunyoa?"

Dereva akatazama viatu vyake.

"Mshtakiwa!"

Wembe aliinama mbele asikie, na si kwa ajili ya kesi. Jela, masharti, matairi, yote yalikuwa yamemtoka kichwani. Alitaka jina tu.

"Mimi."

Sauti ilitoka benchi la mbele. Mtalaka alisimama taratibu, mtandio umekaa sawasawa, mkoba ameushika kwa mikono miwili.

"Nilimnyoa mimi, Mheshimiwa. Jana, barazani kwangu. Getini hakutoka."

Wakili wa Serikali akakaa. Imeisha hiyo! Masharti hayakuvunjwa, ombi liko salama, Jaji arudishe kalamu kwenye karatasi twende nyumbani. Mwanamke mwenye akili zake angeshukuru Mungu na kukaa. Mimi mwenyewe nilipokuwa naandika hapa nilimwomba akae.

"Umemnyoa!" akasema Wembe.

"Nywele zilikuwa zimeanza kumjaa, mama. Mimi ndiye niliyemdhamini. Nisingeleta mahakamani mtu anayefanana na mtoro. Na aliyezoea kumnyoa alikuwa amesusa."

Hapo alimgusa penye kidonda. Kila Jumapili Wembe alikuwa anabeba mashine yake ya kunyolea, anakwenda mpaka kwa Mtalaka, anamkalisha mume wake barazani na kumnyoa. Ndiyo ziara yao. Ila Jumapili iliyopita walikuwa wamegombana kwa simu, naye hakwenda. Alitaka amwonyeshe. Alitaka akae na manyoya yake mpaka amkumbuke.

"Na ulipomaliza kumnyoa," Wembe akauliza, kila neno analitoa peke yake, "ulimwogesha?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Hata karani alijificha nyuma ya jalada. Jaji akagonga meza.

"Mama! Neno moja zaidi na wewe utalala ndani!"

Aliyesema neno moja zaidi hakuwa Wembe. Alikuwa Mtalaka, na alikuwa amesimama bado.

"Mheshimiwa, najitoa."

"Unajitoa nini?"

"Udhamini. Sheria inaniruhusu, au hainiruhusu?"

"Inakuruhusu. Lakini unaelewa maana yake? Ukijitoa wewe, huyu hana mdhamini."

"Naelewa. Nimemlisha, nimempa chumba, nimeweka hati ya nyumba yangu hapa kwa ajili yake. Leo nimefanywa mwosha wanaume mbele za watu. Najitoa, naomba hati yangu."

Wembe alisikia maneno yale yakimfurahisha. Nawaambia ukweli kama ulivyo: kwa pumzi moja nzima alifurahi. Mwanamke yule anakwenda zake! Kisha akamwona askari akisogea kizimbani na pingu, na furaha ikamkauka mdomoni.

Jaji aliweka kalamu chini. "Wakili, umeniomba nibadilishe masharti ya dhamana. Sasa dhamana yenyewe iko wapi? Mshtakiwa akae chini ya ulinzi. Nikirudi baada ya chakula cha mchana nikute mdhamini hapa. Nisipomkuta, rumande."

* * *

"Tulikuwa tumeshinda!"

Wakili alikuwa anaongea na ukuta wa korido, maana kumtazama mke wa mteja wake alishindwa.

"Tulikuwa tumeshinda, mama! Jaji amekwishasema hakimu alikosea! Ungekaa kimya kwa muda wa mtu kupiga chafya mbili!"

"Nitatafuta mdhamini mwingine."

"Wapi? Hati ikipatikana leo lazima ihakikiwe kwanza, barua za mtaa, mihuri, kazi ya siku kadhaa. Hati iliyohakikiwa na iko ndani ya jalada ni moja tu."

"Ya nani?"

"Unaniuliza ya nani?"

Wifi yake, ambaye alikuwa anafuta jasho kwa khanga, alimwambia bila kumpamba: "Ya yule uliyemuuliza habari za kuogesha. Nenda kapige magoti."

"Mimi? Kwa yule?"

"Basi nenda kamuage mume wako."

Alikwenda kwa mume wake kwanza. Alijiambia anakwenda kumtuliza. Uongo. Alikwenda kukitazama kile kisogo kwa karibu.

Dereva alikuwa amekaa kwenye benchi la saruji, nyuma ya nondo za selo ya mahakama. Alipomwona mke wake alisimama, halafu akabadili mawazo, akakaa.

"Umekula?" Wembe akauliza.

"Nani anakula?"

"Kwa nini ulikubali akunyoe?"

"Hata hapa? Mke wangu, hata hapa?"

"Nijibu tu. Nijue."

"Nilikuwa nakuja mahakamani. Sikutaka unione nimechakaa, ukapata la kusema." Akasugua uso. "Na wewe hukuja. Nilikaa barazani na taulo shingoni mpaka jua likazama."

Kitu kikamkata Wembe kifuani. Angeweza kukiacha pale pale. Lakini wivu haujui kuacha kitu sahani ikiwa bado ina makombo.

"Kwake unafurahi, sivyo?"

Dereva akasema jambo ambalo mwanamume mwerevu asingelisema akiwa huru, sembuse akiwa ndani ya selo.

"Kwake nalala usingizi. Tangu nifike pale hajaniuliza hata mara moja kama niliiba yale matairi. Wewe umeniuliza kila Jumapili. Mashine ikiwa kichwani kwangu, unaniuliza: kweli hukuiba? Niambie mimi, mimi ni mke wako, hukuiba?"

"Nilikuwa nauliza kwa sababu naogopa!"

"Najua."

"Yeye hakuulizi kwa sababu hana cha kupoteza!"

"Kaweka nyumba yake," Dereva akasema. "Hana nyingine."

Wembe aliondoka pale bila kuaga. Koridoni alisimama mbele ya dirisha, akajifuta macho kwa kiganja, akatengeneza kilemba. Kama ni kupiga magoti, basi atapiga akiwa nadhifu.

* * *

Mtalaka alikuwa bado hajaondoka. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, pale makarani wanapovutia sigara, anasubiri arudishiwe hati yake.

"Umekuja kumalizia?" akauliza bila kugeuka.

"Nimekuja kuomba."

"Omba."

Maneno yalikuwa yanamgomea Wembe kama gari lenye betri mbovu.

"Msamaha, dada. Kwa yale niliyosema mle ndani."

"Hayo nimeyasikia. Omba ulichokuja kuomba."

"Usijitoe."

"Sema vizuri."

"Mdhamini tena. Tafadhali. Usimwache aende rumande."

"Yaani unataka nimchukue mume wako."

Hasira zilimpanda Wembe mpaka kooni, akazirudisha chini kwa nguvu zote alizojaliwa.

"Ndiyo, dada. Mchukue mume wangu."

Wasomaji, wako wanawake wangeyafurahia maneno yale mwaka mzima. Mtalaka hakuyafurahia. Alisogea, akampa nafasi kwenye ngazi.

"Kaa. Unanichosha ukisimama."

Wembe akakaa. Walikaa hivyo, mke na mtalaka, mabega yanakaribia kugusana, wakitazama pikipiki za makarani zilizoegeshwa uani.

"Unajua mimi nafanya nini kila Jumapili ukija na ile mashine yako?" Mtalaka akauliza. "Naingia jikoni, nasugua masufuria. Masufuria safi, mama. Nayasugua mpaka usikie kelele, ili nisisikie mnavyocheka barazani kwangu."

Wembe akageuka kumtazama.

"Nilimdhamini kwa sababu sikuwa na neno naye tena," Mtalaka akaendelea. "Niliapa hivyo, na ilikuwa kweli. Nikasema huyu ni mtu niliyewahi kumjua, yuko matatani, basi. Sasa nikichelewa kurudi kutoka kazini namkuta sebuleni hajalala. Ananiuliza kama nimekula. Unajua mara ya mwisho kuulizwa na mtu kama nimekula ni lini?"

"Nyamaza."

"Ulitaka kujua, sasa sikia. Jana nilipomnyoa mkono ulinitetemeka. Ndiyo maana ule mstari haukunyooka upande wa kushoto. Nadhani uliuona."

"Niliuona," Wembe akasema kwa sauti ndogo.

"Yeye hajafanya kitu. Usije ukamkaba huko ndani, hajanigusa hata kidole. Tatizo ni mimi. Nimeanza kumsikiliza anavyotembea." Mtalaka alisimama, akakung'uta sketi. "Nitamdhamini. Lakini kwangu harudi. Nitamwambia Jaji nyumba yangu iendelee kushikilia dhamana, ila mtu mwenyewe akalale kwako. Ndicho mlichokuja kuomba hapa, na mimi ndicho ninachokitaka sasa kuliko hata wewe. Mchukue leo leo, kabla sijabadili mawazo."

Mwangalieni Wembe wetu. Ameshinda! Mdhamini amerudi, mume anarudi, adui amesalimu amri mwenyewe. Angeruka. Badala yake alibaki pale kwenye ngazi akijiuliza swali moja tu: kama huyu amemrudia moyoni kwa kuulizwa amekula, je, yeye Wembe aliulizwa mara ya mwisho lini?

* * *

Jaji alirudi. Wakili alirudi na rangi yake. Mtalaka akasimama, akaapa upya, na kila alichoahidi kwenye ngazi akakisema mbele ya watu wote bila kupunguza.

Jaji alitingisha kichwa kwa kuridhika. "Hata Wakili wa Serikali sidhani ana la kupinga."

Wakili wa Serikali alisimama nusu, akakaa.

"Vizuri. Uamuzi wa mahakama ya chini wa kukataa kubadili sharti la makazi nautengua. Lakini nimeona vituko vingi leo katika ukumbi huu." Akamgeukia Dereva. "Ombi hili ni lako wewe. Si la mkeo, si la mdhamini. Kabla sijaandika unapokwenda kuishi, nataka nikusikie wewe mwenyewe. Unaomba kuishi wapi?"

Wifi alimbana Wembe mkono kwa furaha. Wembe alikuwa ameshaanza kupanga: kwanza atakirudisha kile kisogo kwenye mviringo wake.

Dereva alishika mbao za kizimba. Akamtazama mke wake. Kisha akamtazama Mtalaka. Kisha hakumtazama yeyote.

"Mheshimiwa, naomba kuliondoa ombi langu."

"Nini?" Wakili alipayuka.

"Naomba nibaki ninapokaa sasa. Mpaka kesi iishe. Pale mtu ananiamini."

Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Wembe alitaka kupiga kelele, akakuta mwenzake amemtangulia.

"Hapana!" Mtalaka alikuwa wima, mkoba umeanguka, vitu vimetawanyika chini ya mabenchi. "Hapana, Mheshimiwa! Kwangu haji! Akija kwangu najitoa tena, sasa hivi, na hati yangu naondoka nayo mkononi!"

"Mama, umeapa hapa sasa hivi!"

"Nimeapa akalale kwa mkewe! Mwondoeni kwangu!"

"Mimi siendi," Dereva akasema.

Jaji alivua miwani, akayasugua macho. Alimtazama mshtakiwa aliyekataa kurudi kwake, akamtazama mdhamini aliyekataa kukaa naye, na mwishowe macho yake yakatua benchi la nyuma.

"Wewe mama kinyozi. Simama."

Wembe alisimama.

"Asubuhi uliongea bila ruhusa. Sasa nakupa ruhusa. Mdhamini akijitoa, huyu anakwenda rumande leo. Akikubali kuja kwako, anatoka hapa na wewe. Wewe ndiye mkewe. Una la kumwambia kabla sijaandika amri? Mwombe. Labda atakusikia."

Neno moja tu lilihitajika. Nakuamini. Dereva alikuwa ameinua uso, na usoni mwake mlikuwa na kila dalili kwamba akiambiwa neno lile atashuka kizimbani na kumfuata mke wake mpaka nyumbani. Wifi alikuwa anamnong'oneza: "Mwambie unamwamini, wifi. Mwambie tu."

Wembe alifungua kinywa. Akamwona Mtalaka ameinama kuokota vitu vyake, mikono inatetemeka. Akamwona Dereva, kwa kufumba na kufumbua, akiitazama ile mikono.

"Mpelekeni rumande, Mheshimiwa," akasema Wembe. "Kule angalau hakuna mwanamke."